Safari ya Pili ya Mjomba Antipasi

Magari yakisimama Issuna, abiria hushuka kununua vitunguu na kuku, na madereva huingia kwa Scola. Ana kibanda cha mabati kando ya lami, meza chache za mbao, supu inayoanza kuchemka alfajiri na chapati zinazokwisha kabla ya saa nne. Akipata nafasi hutoka nje, anajifuta mikono kwenye khanga, na kuanza kusoma magari. Siyo namba, la. Anasoma yale maandishi ya Kijapani ambayo wenye magari huyaacha ubavuni kwa kuwa wanaona yanapendeza.

"Hili lilikuwa la duka la samaki," atasema. "Lile pale la chekechea."

Kuna dereva wa Haisi anaitwa Marko, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akiwaambia abiria wake kwamba maneno ya mlangoni kwake ni sala ya Wajapani ya kulinda gari. Scola aliyasoma, akacheka mpaka akashika nguzo. Gari lilikuwa la kuwachukua wazee asubuhi kuwapeleka mahali pa kushinda na kuwarudisha jioni. Marko hakufurahi, lakini hakuyafuta. Alisema wazee nao ni baraka. Tangu hapo anamwita Scola Mjapani, na jina limeenea hadi watoto wa shule wakipita wanamwinamia kiuno kwa utani. Naye anawainamia. Watu wanacheka, wanakunywa chai yao, wanaondoka. Hawajui kwamba kila akiinama vile roho inamuuma.

Maana Scola alikuwa aende Japani. Nafasi ilikuwepo, sifa alikuwa nazo, mwalimu alikuwa anampenda. Watu wachache wanaoijua habari hii hudhani lazima kulikuwa na fitina, mtu alimwekea mguu. Hakuna aliyemwekea mguu. Ni adabu tu, ile aliyofundishwa nyumbani tangu anatambaa.

Alifika chuo kikuu kule Dodoma kusomea ualimu, na mwaka wa kwanza kila mwanafunzi alitakiwa achague lugha moja ya kigeni. Foleni ya Kifaransa ilikuwa imelizunguka jengo. Ya Kijapani ilikuwa na watu wachache, na nusu yao nadhani walikuwa wamepotea. Scola alikuwa amechoka na jua, akasimama kwenye foleni fupi. Msimtafutie sababu nyingine ya maana, hakuna.

Hakujua hata salamu. Alichokijua cha Japani kilikuwa pikipiki na majina ya magari, basi. Mwalimu wao alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwembamba, anavaa raba na sketi ndefu, jina lake Nakagawa. Siku ya kwanza aliingia, akaweka mkoba mezani, akawainamia wanafunzi wake kiuno kizima. Darasa likabaki linatazamana. Mtu mzima anawaanza watoto kwa heshima namna ile? Scola aliona aibu kama yeye ndiye aliyekosa. Kabla hajafikiri alikuwa ameshasimama, amepiga goti kidogo na kuinamisha kichwa, vilevile anavyomwamkia mjomba wake kule Ihanja. Mwalimu akamwona. Akamwita mbele, akamnyoosha mgongo kidogo tu, akawaambia wengine wamtazame huyu.

Lugha yenyewe ilikuwa ngumu, tusidanganyane. Ina maandishi ya namna tatu, na yote matatu yanaingia katika sentensi moja, kama mtu anayelima tuta moja kwa jembe, kwa sururu na kwa plau. Benjamin, kijana wa Itigi aliyekaa naye dawati moja, alisema hawa watu zamani walikosana juu ya kuandika, wakaamua kila mmoja abaki na lake. Likizo Scola alirudi nyumbani akaandika herufi kwa mkaa nyuma ya magunia ya alizeti, akaandika kwa kijiti kwenye vumbi la uani. Mama yake alitoka asubuhi na ufagio, akazitazama.

"Hizi ni nyayo za kuku au ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Basi zifute mwenyewe, mimi naogopa."

Lakini yaliyowashinda wenzake kwake yalikuwa mepesi. Kijapani kina namna ya kusema na mkubwa na namna ya kusema na rika lako, na ukizichanganya unaonekana huna wazazi. Watoto wa mjini walilalamika mno. Scola alishangaa wanalalamikia nini. Kwao mtu haongei na mzee kama anavyoongea na mwenzake wa kisimani, ni kitu gani cha kujifunza hapo? Akawa wa kwanza darasani, akakaa hapo hapo.

Katika majuma yale ya mwanzo, hata kuhesabu bado kunawababaisha, walifundishwa kusema wanachotaka. Nataka kula. Nataka kulala. Nataka kwenda. Mwalimu aliwasimamisha mmoja mmoja, na zamu ya Scola ilipofika alisema, "Sensei, Nihon e ikitai desu." Yaani, Mwalimu, nataka kwenda Japani. Darasa likacheka, naye akacheka. Yalikuwa mazoezi tu.

Mwaka wa pili ukielekea kwisha, Mwalimu Nakagawa akawatangazia habari. Chuo kimoja cha kwao kingempokea mwanafunzi mmoja kwa mwaka mzima, asome na kula na kulala kwa gharama yao, na yeye ndiye atakayepeleka jina. Akalisema na sharti lake, kwa Kiswahili chake cha polepole ili asiwepo wa kusingizia hakuelewa.

"Anayetaka, aje ofisini. Aje mwenyewe. Aniambie kwa Kijapani, mimi nisikie."

Wote wakageuka kumtazama Scola. Benjamin akamkanyaga mguu chini ya dawati. Scola akainama kwenye daftari lake akihisi masikio yanawaka, kwa sababu alikitaka kitu kile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na kwa sababu hakujua mtu anaanzaje kwenda kumwambia mkubwa, usoni, nipe.

Sasa lazima mumjue mjomba Antipasi. Baba yake Scola alifariki Scola akiwa mdogo, na huyu kaka wa mama ndiye aliyemlea na kumsomesha. Ni mkulima wa alizeti Ihanja, mrefu, sauti ya chini, na katika ukoo ule ndiye anayebeba maneno ya watu. Posa, ugomvi wa mipaka, kuomba kiwanja, kuomba msamaha, vyote hupita kwake. Kwao jambo zito haliombwi na mwenye jambo. Anatumwa mtu mzima. Na mtu mzima huyo ana utaratibu wake. Safari ya kwanza ni ya salamu: unakwenda na kuku, unakaa, unaulizana habari za mvua na watoto, unaaga. Safari ya pili ndiyo ya maneno. Mjomba alikuwa hana mzaha na hilo. Ukifika na shida yako siku ya kwanza, alikuwa akisema, watu wanakuona una njaa nayo, wanakudharau wewe na shida yako. Na kusema kweli, kwa njia hiyo hajawahi kurudi mikono mitupu.

Scola akampigia simu. Alijiambia sharti la mwalimu atalitimiza, atakwenda mwenyewe, ila kwanza mkubwa amfungulie njia. Mjomba alisikiliza yote, akasema, "Umefanya vizuri kuniambia. Tulia. Hili ni la kwangu."

Alikuja na basi la asubuhi, amevaa koti lake la kanisani, na kuku mtetea mwekundu ndani ya kikapu. Mwalimu Nakagawa aliwapokea ofisini kwa heshima kubwa, akainama, mjomba naye akainama na kofia mkononi, wakainamiana hadi Scola akataka kucheka. Wakakaa. Mjomba akamkabidhi kuku kwa mikono miwili. Mwalimu akampokea kwa mikono miwili, akamweka mapajani akawa anamshika mgongo kama mtoto wa mtu, maana hakujua kuku wa zawadi huwekwa chini.

Wakaongea. Mjomba aliuliza kama wazazi wa mwalimu wako hai, na kama kwao kuna ng'ombe, na mvua huanza mwezi gani. Mwalimu alijibu yote. Alieleza juu ya mama yake mzee anayelima mboga nyuma ya nyumba, na mjomba akamwomba amsalimie sana. Palikuwa na raha pale ndani. Scola aliwatazama watu wawili aliowaheshimu kuliko wote wakielewana, moyo ukamtulia kabisa, akaona jambo limekwisha.

Halafu mwalimu akaacha kumpapasa kuku. Akamtazama mzee.

"Mzee wangu, umetoka mbali. Labda una jambo?"

"Hapana, mwalimu," akasema mjomba Antipasi, kwa upole uleule. "Hakuna jambo. Tumekuja kusalimia tu."

Kila mtu wa kwetu angejua jibu lile maana yake ni nini. Angejua kwamba jambo lipo, ni kubwa, na linakuja. Mwalimu Nakagawa alikuwa na miaka yake nchini, lakini hilo hakuna aliyemfundisha. Akalichukua kama lilivyosemwa. Akamgeukia Scola akamuuliza kwa Kijapani, taratibu, huku akimwangalia machoni: na wewe, una lolote?

Mjomba hakuelewa neno hata moja. Scola angeweza kusema, na mjomba angedhani anashukuru. Lakini alikuwa amekaa karibu yake, goti kwa goti, na mzee ametoka kusema hakuna jambo. Ataanzaje kusema lipo?

"Nani mo arimasen," akasema. Hakuna lolote.

Mwalimu akamsifu. Alisema hajawahi kumsikia akitamka vizuri namna ile.

Nje, wakielekea kituoni, mjomba alikuwa amechangamka. "Mtu mwema yule. Tumefungua mlango. Nitarudi, nitayasema yote." Kisha akasimama, akamwelekezea kidole, kitu ambacho hakukifanya mara kwa mara. "Ila usinitangulie, mwanangu. Ukienda kumwambia kabla yangu utakuwa umenivua nguo."

"Ndiyo, mjomba."

Alizeti ikakomaa yote kwa mkupuo mwaka ule, na ndege hawangoji mtu. Mjomba akasema atakuja baada ya kukata. Baada ya kukata akasema baada ya kupura. Scola hakuthubutu kumharakisha. Anamharakishaje mtu anayemfanyia hisani? Darasani mwalimu alianza kumtazama namna fulani, kama anayengoja mtu amalizie sentensi. Mara mbili alikumbusha sharti lake mbele ya wote. Scola aliandika kwenye daftari kila kitu isipokuwa hicho.

Siku ya mwisho ya kupokea majina alipita kwenye korido ya Mwalimu Nakagawa. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, jua la mchana limeingia mpaka kwenye kiti cha wageni, na kiti hakikuwa na mtu. Alimsikia mwalimu akikohoa na kufunua karatasi. Ilikuwa ni hatua mbili na sentensi moja. Akarudi nyuma mpaka kwenye ngazi, akampigia mjomba.

"Nimebakiza magunia machache," mjomba akasema. Nyuma yake fimbo zilikuwa zinasikika zikipiga alizeti. "Juma lijalo niko hapo. Si alishatuona? Hawezi kumpa mtu mwingine bila kutuuliza."

Scola akaitika. Akashuka ngazi, akaenda kufua nguo.

Aliyechaguliwa alikuwa Benjamin, ambaye hakuwahi kuzidi nafasi ya nne. Scola alimpongeza kwa mikono miwili. Kisha Scola akamwambia mjomba kwamba nafasi zimefutwa, hazipo tena mwaka ule, asijisumbue na safari. Mzee alisikitika sana. "Si kitu," akasema, "mlango tuliokwisha kuufungua haufungwi." Miezi michache baadaye Mwalimu Nakagawa akarudi kwao kumuuguza mama yake, na Scola akamaliza chuo bila kuongeza neno jipya la Kijapani. Ajira ya ualimu ikawa ya kungojea. Alijitolea shule moja, akachoka, akaolewa na fundi ujenzi mpole, akapata watoto, akafungua kibanda. Maisha si mabaya. Supu yake inasifiwa mpaka Manyoni. Ukimuuliza kama ana shida atakwambia hana, na utamwamini.

Hivyo ndivyo angeendelea, kama Benjamin asingepita mwezi uliopita. Siku hizi anatembeza wageni wa Kijapani mbugani, na alikuwa amebeba wanne kwenye gari refu, wakitaka chai. Aliposhuka akamkuta Scola amesimama anasoma stika ya kioo cha mbele. Walicheka, wakashikana mikono muda mrefu. Wageni walikunywa chai wakapiga picha sufuria. Benjamin akakaa jikoni kwenye kigoda.

"Scola, nikuulize kitu. Wewe hukutaka kwenda?"

"Kwenda wapi?"

"Unajua wapi. Mimi nilikwenda ofisini kujaribu tu. Nilitetemeka, nikaikosea ile sentensi yenyewe. Sensei hakuniuliza habari zangu. Aliniuliza, Scola haji? Nikasema sijui. Akasema basi tungoje kidogo. Alingoja mpaka jua likazama, mlango wazi. Ndipo akaandika jina langu." Akazungusha kikombe. "Kule Japani alikuja kuniona mara moja. Akauliza tena. Alisema, nilidhani yule mtoto anapenda, kumbe alikuwa na adabu tu."

Scola akageuza chapati. Ilikuwa imeungua upande mmoja, akaiweka pembeni.

"Ana simu," Benjamin akasema. "Nikupe namba?"

"Nipe," akasema Scola, na akaiandika, na mpaka leo hajaipiga. Ampigie amwambie nini? Nafasi zile zilikuwa za vijana.

Alilala siku kadhaa na maneno yale tumboni. Halafu akakasirika. Ilikuwa hasira ya miaka yote ile, na ikapata mtu wa kumwangukia. Safari ya kwanza ya salamu! Magunia machache! Jumapili akafunga kibanda, akapanda gari la Marko mpaka Ihanja, na njia nzima akawa anayapanga maneno. Angemwambia mzee ukweli wote. Angemwambia kwamba mwalimu alikuwa anangoja siku ileile, kuku akiwa mapajani.

Mjomba Antipasi alikuwa uani, amekaa juu ya gunia, anapura alizeti kwa fimbo fupi, maana ile ndefu haiwezi tena. Macho yamefifia. Alimtambua kwa mwendo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Jana nilikuwa nakuwaza." Akapapasa kichwa kingine cha alizeti, akakigeuza juu. "Yule mwalimu wako wa Kijapani, kuku wangu alimla?"

"Hakumla. Alimfuga mpaka alipoondoka."

Mzee akacheka kwa furaha hadi akakohoa. "Nilijua. Mtu mwema. Unajua ile safari ya pili bado inaniuma? Sijawahi kuacha jambo la mtu njiani, ni lako peke yake. Nilikuwa nimeyapanga maneno mazuri, marefu, sasa yamenitoka." Akaacha kupura. "Hebu niambie, kwa lugha yao ingesemwaje? Nisikie ningekuwa nimesema nini."

Maneno yote ya njiani yalikuwa kinywani mwa Scola. Akamtazama mzee alivyotega sikio, fimbo juu ya magoti, kofia mkononi kama siku ile.

"Sensei, Nihon e ikitai desu," akasema.

Mjomba aliendelea kungoja. Alitikisa kichwa polepole, kama anayempa mtu muda wa kusafisha koo.

"Endelea."

"Nimemaliza, mjomba."

"Umemaliza?"

"Ndiyo hayo tu."

Kuku wakasogea kwenye mbegu zilizomwagika, mzee hakuwafukuza. Alipofungua mdomo sauti yake ilikuwa ndogo.

"Na siku ile tulipokaa kwake, wewe ulikuwa umeshayajua?"

Scola alikuwa amekuja kwa ajili ya swali lile. Hakuna njia nzuri zaidi ya kulipata. Mzee mwenyewe amemwekea mkononi. Akainamisha kichwa.

"Hapana, mjomba. Hayo tulifundishwa baadaye."

"Ahaa." Mabega ya mzee yakashuka. Akavaa kofia yake, akaitafuta fimbo. "Basi hatukukosea."

"Hatukukosea," Scola akasema, akavuta gunia akakaa karibu yake, akaokota kichwa cha alizeti akaanza kupura.